Waoga wawili, sindano moja: nani kasema anayekataa chanjo anapenda hatari?

MizaniYangu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite salama.

Kwa miaka mingi niliamini anayekataa chanjo ni mtu wa liwalo na liwe. Hajali, anabahatisha maisha ya mtoto. Halafu nikamtazama dada yangu vizuri. Dada ni mtu wa kukagua kufuli mara tatu kabla hajalala. Dawa ya mafua haimezi mpaka asome karatasi ya ndani ya boksi hadi mstari wa mwisho. Huyohuyo ndiye aliyekaa na kadi ya mtoto miezi minne bila kwenda kumalizia dozi ya pili ya surua. Mimi, ninayevuka barabara kama kuku, wanangu walichanjwa tarehe ileile iliyoandikwa kwenye kadi na sikuwaza mara mbili.

Sasa hapo mwoga nani, jasiri nani? Nimekaa na swali hili muda mrefu, na nilipofikia ni kwamba swali lenyewe limekaa upande.

Chukua bima. Anayeogopa hasara anakata bima, asiyeogopa hakati. Ukishaijua tabia ya mtu umeshajua atafanya nini, maana karatasi ya bima haimuumizi mtu. Wengi wetu tunaichukulia chanjo kama bima ya mwili, ndiyo maana tunashangaa tukiona waangalifu ndio wanaosita. Machoni pa anayesita, sindano nayo ni bahati nasibu. Ukichanja kuna hatari, usipochanja kuna hatari. Anayeiona kwa karibu ile ya ugonjwa ataikimbilia sindano; anayeiona kwa karibu ile ya sindano ataikimbia. Woga ni uleule, miguu tu ndiyo imeelekea kwingine.

Kwa hiyo ukiniambia "fulani haogopi hatari" hujaniambia kitu. Niambie hatari ipi anaihesabu kuwa yake.

Naendelea hapa chini, msijibu kwanza.

MizaniYangu (mleta uzi)

Wanaodhani haya yameletwa na simu janja, turudi 1721. Ndui iliingia Boston, Marekani ya leo. Chanjo ya ndui ya daktari Mwingereza Jenner haikuwepo bado (hiyo ni 1796). Njia iliyokuwepo ilikuwa kuchukua usaha wa mgonjwa wa ndui na kuupenyeza kwenye ngozi ya mtu mwenye afya, ili augue kidogo kisha apone. Mhubiri Cotton Mather aliisikia kutoka kwa Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa nyumbani kwake, aliyemweleza kwamba alifanyiwa hivyo alikotoka. Daktari Zabdiel Boylston akakubali kuijaribu, akaanza na watu wa nyumbani kwake mwenyewe.

Mji ulichafuka. Mwezi Novemba mwaka huohuo nyumba ya Mather ikatupiwa bomu la mkono, bahati likakataa kulipuka. Hesabu zilipofungwa, walioambukizwa ndui kwa njia ya kawaida walikuwa karibu 5,900, na 844 kati yao wakafa. Hao ni kama 14 kwa kila 100. Waliopitia kwa Boylston walizidi 240, wakafa 6. Hao ni wawili na ushee kwa kila 100.

Hasira zote zile zilitoka wapi? Mimi nadhani ni kwa sababu wale 844 waliuawa na ndui, na wale 6 waliuawa na mtu mwenye jina, mwenye nyumba inayojulikana ilipo.

Kwenye vurugu hizo alikuwepo kijana mwanagenzi wa uchapaji, Benjamin Franklin, kwenye kiwanda cha kaka yake ambaye gazeti lake lilikuwa likiipinga mbinu hiyo. Baadaye Franklin aligeuka akawa mtetezi wake. Lakini mwaka 1736 mwanawe Francis, mwenye miaka minne, alikufa kwa ndui akiwa hajachanjwa. Mtoto alikuwa anaumwa tumbo la kuendesha, baba akasema tungoje apone kwanza. Uzeeni akaandika kwamba alijuta sana na bado anajuta, na kwamba analiweka hilo wazi kwa ajili ya wazazi wanaoacha kuchanja wakidhani hawatajisamehe mtoto akifa kwa sindano. Yeye alikuwa amefiwa kwa kungoja, na majuto yakamkuta vilevile.

Soma tena hapo, wakuu. Anazungumza na wazazi wenye hofu, watu kama dada yangu.

Hesabu_Tupu

Mkuu umenigusa pabaya, mimi ni mtu wa namba. Na kwa kuwa umeanza na ndui ngoja niongezee. Mwaka 1760 mwanahisabati Daniel Bernoulli alipeleka mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris hesabu ya nini kingetokea kama watu wote wangechanjwa ndui kwa mbinu ile ya zamani. Akaona wastani wa maisha ungepanda kutoka miaka 26 na miezi 7 hadi miaka 29 na miezi 9. Miaka mitatu ya bure kwa kila kichwa! Unasubiri nini?

D'Alembert akampinga, na alikuwa mwanahisabati mkubwa, si mtu wa porojo. Akasema hiyo miaka mitatu iko mwisho wa maisha, ilhali hatari ya kufa kwa kuchanjwa iko ndani ya mwezi huu. Mtu wa miaka 30 aliye mzima kabisa hapimi vitu hivyo kwa jiwe moja la mizani. Serikali inaweza kuhesabu wastani, mtu mmoja hawezi kufa kwa wastani.

Kwa zama zetu hizi mimi bado niko na Bernoulli, kwa sababu chanjo za leo si za kuua wawili kwa mia. Tuweke surua kwenye chungu kimoja. Watoto milioni moja wakichanjwa, degedege la homa litawapata kama 300 hivi, na karibu wote hupita bila kuacha alama. Kushuka kwa chembe sahani za damu (zinazosaidia damu kuganda), ambako mara nyingi hujirekebisha kwenyewe, kama 30. Mzio mkali wa ghafla, kama mmoja. Sasa watoto milioni moja wakiugua surua yenyewe: nimonia 50,000, uvimbe wa ubongo 1,000, vifo kati ya 1,000 na 3,000, na hapo nimechukua namba za nchi tajiri zenye hospitali za kutosha.

Watu wanaharibikiwa pale wanaposikia "watoto 300 walipata degedege" bila kuambiwa milioni imekaa chini ya mstari. Cha juu kinapiga kelele, cha chini kinanyamaza.

ShangaziTatu

Mwanangu Hesabu, namba zako nzuri na sina ugomvi nazo. Lakini mama hana watoto milioni. Ana mmoja, na jina lake analijua.

Nilipompeleka wangu wa kwanza sikuogopa surua wala degedege. Niliogopa kwamba ni mimi niliyemwogesha, nikamvalisha, nikambeba mgongoni, nikamshika mkono asitingishike wakati anachomwa. Likitokea la kutokea ni mimi niliyemfikisha pale. Ugonjwa ukija nyumbani wenyewe, umekuja, nani atanilaumu? Hata mama mkwe hawezi.

Najua si hoja ya kisayansi. Nawaambia tu kilichokuwa moyoni.

MizaniYangu (mleta uzi)

Shangazi, hiyo ni hoja ya kisayansi kuliko unavyodhani. Mwaka 1990 watafiti Ilana Ritov na Jonathan Baron waliwapa watu kisa cha kubuni: kuna ugonjwa unaoua watoto 10 kwa kila 10,000. Kuna chanjo inayouzuia kabisa, ila yenyewe inaweza kuua wachache. Utakubali chanjo iue wangapi kabla hujasema sitaki?

Kwa hesabu kavu jibu ni 9, maana 9 ni pungufu ya 10. Lakini wengi walitaja idadi iliyo chini ya hapo, na wako waliosema sifuri, yaani hata mtoto mmoja kwa 10,000 hawakumtaka. Kwao kifo kinachotokana na mkono wao kilikuwa kizito kuliko kifo kinachotokana na kukaa kimya. Wataalamu wanaliita hilo upendeleo wa kutotenda. Wewe umelieleza vizuri zaidi na mtoto wako mgongoni.

Na ndiyo sababu namba za Hesabu hazimshindi dada yangu. Zinamjibu swali ambalo hakuuliza.

Hesabu_Tupu

Nimekubali kichapo cha shangazi. Ila niongeze moja linalokwenda na hilo. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky mwaka 1981 waliuliza hivi: ugonjwa unatarajiwa kuua watu 600. Mpango wa kwanza unaokoa 200 kwa hakika. Wa pili una nafasi moja kwa tatu ya kuokoa wote na mbili kwa tatu ya kutookoa hata mmoja. Watu 72 kwa 100 walichagua ule wa hakika. Kundi jingine likapewa mpango uleule kwa maneno mengine: wa kwanza wanakufa 400, wa pili nafasi moja kwa tatu asife mtu na mbili kwa tatu wafe wote. Safari hii 78 kwa 100 wakachagua kubahatisha.

Hesabu ni ileile, neno "kuokoa" limebadilishwa likawa "kufa" tu. Sasa mniambie huyo mtu anapenda hatari au anaichukia? Inategemea umemuulizaje. Ndiyo maana nacheka nikiona dodoso linaloanza na "wewe ni mtu wa kupenda hatari, kutoka 0 hadi 10", halafu wanataka kubashiri nani atachanja.

MshikaSindano

Nimechanja watoto kwa miaka mingi, mniruhusu niseme ninayoyaona kutoka upande wa pili wa meza.

Kwanza, wengi wanaosita hawajawahi kuuona ugonjwa wenyewe. Kizazi kilichoona mtoto wa jirani akikata pumzi kwa kifaduro hakikuhitaji kubembelezwa. Chanjo ikifanya kazi yake vizuri, ugonjwa unapotea machoni na kinachobaki kuonekana ni sindano na kilio. Japani yaliwakuta. Mwaka 1974 walikuwa na wagonjwa 393 wa kifaduro na hakuna aliyekufa. Vifo viwili vya watoto baada ya chanjo vikazua taharuki, mwaka 1975 chanjo ikasimamishwa kwa muda, na idadi ya wanaochanjwa ikaporomoka kutoka karibu watoto 8 kwa 10 hadi karibu mmoja. Mwaka 1979 wakapata wagonjwa zaidi ya 13,000 na vifo 41.

Pili, jambo dogo mnalisahau. Kuna watu hawaogopi madhara ya miaka ijayo wala hawafikirii uwezekano wowote. Wanaogopa sindano. Maumivu. Basi.

Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida ni Ali Maow Maalin, Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa mpishi wa hospitali, alifanya kazi katikati ya kampeni yenyewe ya kuimaliza ndui, na hakuwa amechanjwa ipasavyo. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba aliogopa, ilionekana inauma. Aliambukizwa baada ya kupanda gari kuwaelekeza njia waliokuwa wamebeba wagonjwa wawili, safari ya dakika chache. Alipona, na miaka mingi baadaye akajitolea kwenye kampeni ya polio nchini mwake, akawa anawasimulia wazazi kisa chake. Alifariki 2013, kwa malaria, akiwa kwenye kazi hiyohiyo.

Huyo kwenye dodoso lako, Hesabu, angejaza ngapi?

Mpinzani_Halali

Nimesoma kimya mpaka hapa. Uzi mzuri, ila unanuka kitu kimoja: kana kwamba anayesita ana tatizo kichwani, akili imemdanganya, tumrekebishe. Naomba nipinge hapo.

Chanjo ya kwanza ya virusi vya rota, vinavyoharisha watoto, iliruhusiwa Marekani 1998. Mwaka 1999 ikaondolewa kwa sababu ilihusishwa na utumbo wa watoto kujikunja na kuingia ndani yake, kama mtoto mmoja kwa 10,000. Aliyesema "ningoje kidogo nione" mwaka ule hakuwa mjinga. Mwaka 2021 Uingereza iliamua walio chini ya miaka 30, kisha chini ya 40, wapewe chanjo nyingine ya korona badala ya AstraZeneca kwa sababu ya kuganda kwa damu, tukio la nadra lakini la kweli. Kwa mzee wa miaka 70 sindano ileile ilikuwa na faida kubwa mno kuliko hatari yake. Kwa kijana hesabu ilikaribiana. Kwa hiyo "je, ni salama?" halina jibu moja hata kwa wenye vitabu.

Halafu mtu anapopima hatari anapima pia aliyeishika sindano. Samoa mwaka 2018 watoto wawili walikufa baada ya wauguzi kuchanganya poda ya chanjo ya surua na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Kosa la binadamu, chanjo yenyewe haikuwa na tatizo. Wazazi walijuaje siku ile? Chanjo ikasimamishwa kwa miezi, imani ikaanguka, na mwisho wa 2019 surua ikaua watu 83 katika nchi ya watu kama 200,000, wengi wao watoto wadogo. Ukiniuliza, waliokosa imani walikuwa na sababu, na waliokufa walikufa kweli. Yote mawili yabebeni, msichague moja.

Na ule ujanja wa kujificha nyuma ya wenzako? Kama 95 kwa 100 wamechanjwa surua, mtoto wangu asiyechanjwa yuko salama kwa mgongo wao. Hilo si upotofu wa akili, ni hesabu ya mtu mbinafsi na kwake inalipa.

Hesabu_Tupu

Inalipa mpaka wajanja wawe kumi. Mgonjwa mmoja wa surua huambukiza 12 hadi 18 kati ya wasio na kinga, kwa hiyo ukuta huo hauvumilii matundu mengi. Na wajanja hawasambai sawasawa; wanakaa mtaa mmoja, wanasali pamoja, watoto wao wanasoma shule moja. Asilimia 95 ya nchi haikusaidii kama darasa lako ni 70.

Kuhusu rota nakubali, ila angalia upande wa pili: tukio la mmoja kwa 10,000 lilinaswa na chanjo ikatolewa sokoni ndani ya mwaka na ushee. Mtu mmoja anasoma hapo "waliidhinisha kitu kibovu", mwingine anasoma "wanaangalia kweli". Habari ni moja.

Mpinzani_Halali

Hapo tumekutana. Ila yule wa kwanza usimwite mjinga.

ShangaziTatu

Mmemaliza? Mimi nataka kujua habari ya dada. Mleta uzi umetuacha na kadi ya miezi minne.

MizaniYangu (mleta uzi)

Shangazi, nilikuwa nakwepa kwa sababu si ushindi wangu.

Nilimpa namba zote alizoweka Hesabu, karibu zilezile. Nikamsimulia Boston. Akanisikiliza kwa adabu, na adabu ya dada yangu ni kitu cha kutisha. Mwishoni akasema, "Wewe unaniambia haitatokea. Mimi nauliza ikitokea nifanye nini."

Nilikuwa nimebishana naye miezi minne na swali hilo sikuwahi kulisikia.

Akaenda mwenyewe, bila kuniaga, akamuuliza mchanjaji hivyohivyo. Yule mama (naye ni mtu kama wewe, MshikaSindano) hakumwambia "usiwe na wasiwasi." Alimwambia: leo anaweza kuvimba kidogo alipochomwa, hilo si kitu. Kaa hapa kwanza, mzio mkali ukitaka kuja huwa unakuja mapema, na dawa yake ninayo kwenye trei hii. Homa ya chanjo hii ya surua haiji leo. Ikija, itakuja kati ya siku ya 7 na ya 12, pengine na vipele vichache, itakaa siku moja au mbili. Mpe dawa ya homa kwa uzito wake, anywe maji. Akipata degedege mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mlete. Akalala sana asiamke vizuri, mlete usiku huohuo.

Dada akaandika yote. Akamshika mtoto, akachomwa.

MshikaSindano

Huyo mama anajua kazi. Wengi wetu tunaficha degedege tukiogopa mzazi atakimbia. Halafu likitokea, mzazi anakuwa na mambo mawili: mtoto anatetemeka, na mimi nilimdanganya.

Mpinzani_Halali

Ndiyo maana yangu yote niliyoandika kwa aya nne. Na homa ilikuja?

MizaniYangu (mleta uzi)

Siku ya tisa, saa nne usiku. Alinipigia simu, nikaruka kitandani nikijua sasa nalaumiwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepokea mgeni aliyeahidi kuja. Akasema, "Imefika. Nimeshampa dawa. Nimekupigia ili ujue ilikuwa ya tisa," akakata.